Okidi Iliyotulia

Siku ya tatu sasa Mkunde alikuwa amelala kifudifudi matopeni, kamera yake imeikaribia okidi ya mwisho ya kilima kile. Wakubwa wa serikali walitaka picha safi ya karibu, ithibitishe kwamba bado ipo. La sivyo kilima kingepasuliwa kiwe kokoto. Lakini kila alipobonyeza, upepo uliitikisa, na picha ikatoka ukungu mtupu.

"Tulia basi, we ua!" alifoka. "Sekunde moja tu, jamani!"

Shekigenda, mlinzi wa msitu aliyemwongoza, akamhurumia. Akainama, akaing'oa okidi, akaishika mbele ya kamera kwa mkono usiotetemeka.

"Haya dada, piga. Sasa imetulia."

Mkunde akarudisha jicho kwenye kamera. Akapiga. Kwa mara ya kwanza kila kitu kilionekana: mishipa ya petali, vidole vya Shekigenda, na mizizi ikidondosha udongo.