Taa ya Yama

Taa za udongo tulizitia nakshi zote isipokuwa moja. Hiyo ni ya Yama, mchukua roho. Huachwa bila pambo na kuwekwa nje ikielekea kusini, aione apite zake.

Mgonjwa nyumbani ni mimi peke yangu.

Jioni, mke wa mwanangu, Vrinda, aliingia na vidole vyekundu kwa rangi. "Mama, hata ile ya nje nimeipamba. Ilinitia huruma."

"Unampambia Mauti taa, mwanangu? Atadhani kaalikwa."

Akacheka, akatoka kuiwasha. Aliporudi hakucheka.

"Mama, umeigeuza wewe?"

"Kwa magoti haya?"

Nikachungulia nje kupitia mlango wazi. Utambi ulielekea kitandani kwangu. Kwenye rangi mbichi palikuwa na alama ya dole gumba, pana kama kikombe.

Nikavuta ncha ya sari kichwani. "Mletee kiti. Mgeni hasimamishwi mlangoni."