Bismillahi ya Bi Mwanasiti

Tangu afiwe na mumewe, sauti ya Bi Mwanasiti ilisikika nyumbani mle pale tu alipokuwa akisoma vitabu na kuvirekodi kwenye simu, kwa ajili ya programu ya bure ya wasioona. Wasomaji wote walijitolea, na mwongozo wao ulikuwa mmoja: soma kama unamsomea mgeni wako.

Leo Faraji, msimamizi wao, alimpigia.

"Mama, rekodi zako zimerudishwa na wenye programu. Siku hizi kuna kanuni kwa kila kitu. Neno lisilomo kitabuni haliruhusiwi."

"Nimeongeza neno gani mimi?"

"Bismillahi, mama. Kila mwanzo."

"Ala! Mgeni nimsomee bila Bismillahi?"

"Kila mtu alikuja na mgeni wake, mama, ndipo kanuni zikaletwa. Msomaji mwenzako, Mzee Kibwana, alirekodi hadi jogoo wake."

Bi Mwanasiti akacheka. "Na nisipoiacha?"

"Hawatapokea sauti yako tena. Iseme moyoni, mama. Mashine haisikii moyo."

Simu ilipokatika alifunga dirisha, akafungua kitabu, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Alama nyekundu ikawaka. Midomo akaifumba, moyo ukasema. Halafu neno la kwanza la kitabu likagoma kutoka, na kwenye kioo cha simu mstari wa sauti ukabaki umenyooka, ukimngoja.