Kidole Gumba cha Namsifu

Sheria ilitaka kila mwenye mishipa ya miguu iliyoziba awekewe mrija pajani, ufunguliwe kila asubuhi kwa kidole gumba cha ndugu wa damu. Ombeni alibakiwa na ndugu mmoja tu, dada yake Namsifu. Miaka sita nyuma Ombeni alimfungia dada huyo geti asimzike mama yao.

Daktari alipima presha ya kifundo cha mguu, akakuta ni nusu ya ile ya mkono. "Usichelewe, mama," alimwambia Namsifu. "Ikipita saa sita mchana, nyama itaanza kufa."

Siku ya kwanza alifika saa nne. Vidole vya Ombeni vilikuwa baridi, vimegeuka zambarau.

"Dada, bonyeza."

"Mama alisema nini mwishoni?"

Ombeni aligeukia ukuta. "Alikuita. Siku mbili nzima."

Namsifu alidhani atalia. Badala yake alitoa chupa ya chai mkobani, akanywa taratibu huku mdogo wake akiuma mto. Kisha akabonyeza, mguu ukapata joto.

"Kesho utawahi, dada?"

"Nitakuja."

Kesho yake pikipiki zilikuwa tele kituoni, lakini aliamua kwenda kwa miguu, na jua lilipokaribia utosini alikaa kwanza kivulini, apumzike.