Rangi ya Baiskeli

Msasa ulipomaliza kula puti iliyozibia madigadi ya mbele ya gari, nilikuta bati limebonyea, na ndani yake mchirizi wa rangi ya kijani.

Rangi ile haiuzwi popote. Niliichanganya kwa mkono wangu, humuhumu kwenye karakana ya nyumbani, nikaipaka baiskeli ya binti yetu. Aliyemgonga hakusimama.

Baada ya mazishi, shemeji alinipa gari lake hili la kale nilifufue. Alisema limekaa bandani miaka kumi. "Likupunguzie mawazo." Nikashukuru kama mjinga.

Sasa alikuwa amelala chali chini yake, anafungua ekzosi huku akipiga mluzi. Gari lilikaa juu ya magogo mawili.

Nikamwita mke wangu. Aliukwaruza ule mchirizi mpaka ukucha ukavunjika. Hakulia.

"Dada, ni wewe?" kaka yake akauliza kutoka chini. "Hebu nipe spana ya kumi na tatu."

Mkono ukatokeza, kiganja wazi.

"Subiri kidogo, kaka."

Akaokota nyundo kubwa, akalipiga gogo la kushoto.

La kulia nililipiga mimi.