Murwaza wa Mzee Mudathiru

Mezani kulikuwa na jagi moja na glasi mbili, na nyumba nzima ilikuwa na choo kimoja.

Mzee Mudathiru alitoka humo akijishikilia ukutani. Akalitazama jagi. Bado lilikuwa nusu.

"Umutoni, hii maji unaongezaga wakati mi niko kule ndani?"

"Hakuna mutu anaongeza, Baba. Kunywa, na unipishe."

Ilikuwa saa moja asubuhi, na fundi huyu ambaye nusu ya mabwana arusi wa Gisenyi walivaa makoti yake alikuwa amekwenda chooni mara sita. Dawa ya unga waliyopewa hospitali ilikuwa na ladha ya ndimu iliyolala na sabuni. Lazima iishe yote, mpaka kinachotoka kiwe maji matupu. Saa nane mchana dokta angepitisha kamera ndogo kwenye njia ambayo Mudathiru, kwa miaka sitini na sita, aliijua kuwa ni ya kutokea tu.

Alitania hivyo kwa sababu aliogopa. Miezi miwili sasa alikuwa akiona damu. Mdogo wake, Saidi, alianza vivyo hivyo, akaona haya kusema, na alipokubali kupelekwa hospitali uvimbe ulikuwa umeshaziba utumbo. Walimzika mwaka jana, kwenye mvua za Aprili.

Umutoni aliigundua damu ya baba yake kwenye nguo za kufua. Akamsihi. Mzee akakataa mara tatu. Mara ya nne alikubali kufika kwa dokta Ndahiro, na huko akatoa sharti.

"Huyu kijana nilimushonea koti ya arusi. Mi sitamuvulia suruali mpaka huyu binti aingie kwanza. Akitoka muzima, bon, na mi naingia."

Alidhani amejiokoa. Dokta akauliza Saidi alikuwa nani kwao, akamwuliza Umutoni umri wake. Thelathini na minane. Akaandika majina mawili.

Ndiyo maana ya glasi mbili.

"We kunywa kidogo tu," mzee alisema sasa, akimmiminia. "Huna hata cha kutoa. Ile gauni yako nimeipunguza kiuno mara mbili tangu Ramadhani. Kitambaa kitaisha, mama."

"Ni kazi, Baba."

"Kazi gani? Kuuza vitenge umekaa kwenye kiti?"

Umutoni akacheka, akakunja uso, akanywa.

Hospitalini walivalishwa kanzu zinazofunguka nyuma. Mudathiru aliukagua mshono wa yake kwa vidole. "Fundi wa hii alikimbia kazi katikati."

Binti aliingia kwanza, bila sindano ya usingizi, kwa sababu mtu aliyelazwa usingizi hawezi kumrudisha mwenzake nyumbani. Mzee alibaki kwenye benchi akivuta tasbihi. Aliimaliza, akaanza tena. Akaimaliza tena.

Mlango ulipofunguka, Umutoni alikuwa na jasho usoni, lakini alitabasamu.

"Donc, ilikuwa aje?"

"Unalala ubavu wa kushoto, magoti unayaleta kifuani. Wanapuliza hewa, tumbo inajaa kama mupira. Inauma pale kamera inakata kona. Kisha imekwisha."

"Na hiyo hewa?"

"Inatoka, Baba. Na kila mutu anasikia."

Hakuwa na kisingizio tena. Akaingia. Alikataa sindano naye, maana hakutaka kusinzia huku watu wako nyuma yake.

Baada ya dakika ishirini alikuwa ameketi tena kando ya bintiye, amevaa suruali yake na hasira yake.

"We alikukalisha karibu saa nzima. Mi muzee mwenye ugonjwa, dakika ishirini. Heshima iko wapi?"

"Alisema utumbo wangu umejikunja-kunja."

"Na mi je? Labda aliona haraka kile alikuwa anatafuta."

Umutoni alimshika mkono.

Pale hospitalini kulikuwa na desturi, na wote wawili waliijua. Habari nzuri dokta alimpa mgonjwa mwenyewe, pale pale benchini, na mara nyingine akamwambia nenda ukale. Habari mbaya alimwita kwanza murwaza, yule ndugu aliyekuja kumwangalia mgonjwa, wakaingia ndani na mlango ukafungwa. Kwa Saidi, murwaza alikuwa Mudathiru.

"Akikuita," alisema mzee kwa sauti ndogo, "usirudi hapa unanichekea. Mi nilimuchekea Saidi, na alijua."

"Hataniita, Baba."

"Niahidi."

"Naahidi."

Mlango ukafunguka. Dokta Ndahiro alikuwa na karatasi mkononi na hakuwa akitabasamu. Aliwatazama mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo.

"Murwaza ni nani hapa?"

Mudathiru aliuachia mkono wa bintiye. "Enda, mama," alinong'ona. "Enda usikie."

Umutoni akasimama. Akaenda hadi mlangoni. Dokta akamshika bega, akamrudisha taratibu, akamkalisha pale pale alipotoka.

"Wewe baki, dada," alisema. "Mzee, ingia wewe."