Bamia Zilizokomaa

Walipokuwa hospitali hakuna aliyechuma, na bamia hazimsubiri mtu. Mashavu alipozunguka nyuma ya jiko alizikuta zimekomaa, ndefu kama pembe za mbuzi. Alijaribu kuvunja ncha ya moja kwa kidole gumba. Ikapinda tu. Akajaribu nyingine, nayo ikapinda.

Mumewe, Sefu, alikuwa amelala mkekani barazani. Tangu uvimbe ulipomziba koo, hakikupita kitu ila mlenda wa bamia changa. Daktari alikuwa amewarudisha nyumbani bila dawa.

"Unahangaika na nini huko, mama Rehani?"

"Natafuta chakula chako."

"Kwa utelezi huu nitaota mkia kama kambale."

Alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Juu kabisa, karibu na maua, Mashavu alipata mbili changa. Alizikatakata, akazichemsha kwa magadi kidogo, akazipiga kwa mwiko mpaka zikavuta. Hazikufika nusu kikombe. Akamwinua mumewe kichwa, akamlisha. Mlenda ukarudi, ukateremka kidevuni.

"Wa moto?"

"Si wa moto," alinong'ona Sefu. "Haupiti."

Akampangusa kwa ncha ya kanga.

"Jaribu tena, baba Rehani. Kidogo tu."

Sefu akapokea kijiko cha pili, akafumba mdomo, akamtazama. Mashavu hakuyatazama macho yale. Alilikazia macho koo lake, akingoja lisogee.