Hewa ya Iliki

Tangu shule zihamie chini ya maji, kila mtoto hushuka na mtungi wake wa hewa mgongoni. Kituoni, kujaza mtungi mmoja kulikuwa kukila ujira wa Mwanakheri wa siku nzima, hata akachoka, akauza bangili zake za harusi na kununua kompresa yake mwenyewe. Mpira wa kuvutia hewa aliutoa nje kwa dirisha la jikoni.

Desturi ni kwamba anayejaza nyumbani huvuta pumzi ya kwanza yeye. Asubuhi hiyo alivuta, akatabasamu.

"Mbona unacheka, mama?" aliuliza bintiye, Zaituni.

"Leo hewa inanukia iliki, mwanangu. Haya, usichelewe."

Zaituni aliposhuka ngazi na kuzama, jirani yao Bi Mtumwa alibisha hodi na sahani ya maandazi.

"Shoga, upepo umenichosha. Tangu alfajiri jiko langu la mkaa nimelihamishia hapa chini ya dirisha lako."

Mwanakheri alichungulia. Mdomo wa mpira ulining'inia juu ya makaa. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kumgonga.

Akakimbilia ngazini. Kule mbali mapovu ya Zaituni yalipanda, yakapanda tena, kisha yakachelewa.